Jua Huponya Muhogo, Huharibu Mbatata

Ndugu wapishi, wachuuzi, wakulima na wazazi, bassebo ne bannyabo, yaani mabwana na mabibi, hamjambo.

Swali lililotukutanisha ni fupi: je, kiazi kibichi kina madhara? Ugumu wake ni kwamba Kiswahili kimelitwika neno hili mizigo mingi. Kiazi ambacho hakijaiva jikoni ni kibichi. Kiazi kilichong'olewa kabla ya kukomaa ni kibichi. Na rangi ya majani tunaiita kijani kibichi. Mama akisema "viazi hivi vibichi, rudisha sufuria motoni," ana maana yake. Mteja sokoni akisema "hiki kibichi, nipe kingine," ana maana nyingine kabisa. Cha mama dawa yake ni moto. Cha mteja moto haukiwezi. Basi tukubaliane kwa leo: kibichi ni kile ambacho hakijaiva, kijani ni kile kilichopigwa na mwanga. Na kiazi chenyewe ni mbatata, kiazi ulaya, kile ambacho huku kwetu Uganda kila mtu anakiita airishi. Kiazi kitamu ni wa ukoo mwingine, ndiyo maana majani yake, matembele, tunayala na kuongeza. Mbatata ni ndugu wa nyanya, biringanya, ntula (nyanya chungu) na tumbaku, na majani yake hayaliwi.

Nianze na kijani, maana hatari iko huko.

Tazameni hiki nilichoshika. Ukubwa wa ngumi. Upande huu ulikuwa chini, umebaki na rangi yake ya udongo. Upande huu ulitazama dirisha kwa siku kadhaa, na umefanya kijani cha embe changa. Nakwaruza kwa ukucha: ngozi nyembamba inatoka, na chini yake kijani kinaonekana wazi kuliko kilivyoonekana juu. Sasa nakata. Kijani kimeingia kama unene wa sarafu mbili zilizopangwa, kisha inafuata nyama nyeupe isiyo na doa. Kumbukeni unene huo, tutaurudia tukifika kwenye kisu.

Kijani chenyewe hakina kosa. Ni klorofili, ileile iliyomo kwenye mboga za majani kama dodo na nakati. Shida ni kwamba haiji peke yake. Mbatata si mzizi. Ni shina lililonenepa chini ya ardhi, na macho yake ni vichipukizi vilivyolala. Shina hilo likipata mwanga linajua limeshafika juu. Linatengeneza klorofili ili lijilishe, na wakati huohuo linaongeza sumu ya kujikinga na wadudu, kuvu na wanyama walao majani. Sumu zenyewe ni mbili hasa, solanini na chakonini, na ukoo wao unaitwa glikoalkaloidi. Hazina rangi. Kwa hiyo kijani ni kama moshi: kinaonyesha kwenye moto, lakini upo moto usiotoa moshi. Kiazi kilichogongwa, kilichokatwa na jembe au kilichoota kinaweza kujijaza sumu gizani bila kubadilika rangi hata kidogo. Hapo kinachokisaliti ni ladha. Ulimi huanza kuonja uchungu sumu ikipita karibu miligramu 140 kwa kilo ya kiazi. Ikipita 220, mdomo na koo huwasha. Kiazi kichungu kikishaingia mdomoni, kitemwe, hata kama umealikwa ukweni.

Sasa hesabu, kwa sababu neno sumu bila kipimo ni la kutishia watoto. Kiazi kizuri huwa na miligramu 20 hadi 100 za sumu hizi kwa kilo, na mpaka unaotumiwa na wengi, wakiwemo watafiti wanaotoa mbegu mpya, ni 200. Lakini sumu haikutapakaa sawasawa. Nyama ya ndani ya kiazi cha kawaida ina 12 hadi 50 tu. Ngozi yake ina 300 hadi 600. Kiazi kichungu kikipimwa kizima hufika 250 hadi 800, na ganda lake peke yake 1,500 hadi 2,200. Chipukizi linapita hapo, 2,000 hadi 4,000, na maua ya shambani hufika 3,000 hadi 5,000. Yale matunda madogo yanayofuata baada ya maua, yanayofanana na nyanya changa, ni sumu vilevile, na ndiyo yanayowavutia watoto waliopelekwa shamba.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipolipitia jambo hili mwaka 2020, ilichukua miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kuwa kiwango cha chini ambacho kimeonekana kuleta madhara. Chukueni mtoto wa kilo 15: kwake ni miligramu 15. Kiazi chenye miligramu 500 kwa kilo kinampa hizo kwa gramu 30, yaani vipande vichache vya chipsi. Mtu mzima wa kilo 60 atazipata zake akila gramu 120, ambazo ni kama kiazi kimoja cha wastani. Ndiyo maana sufuria ileile huliwa na baba akabaki mzima, mtoto akakesha anatapika, na nyumba ikaanza kutafuta nani ameroga nani.

Dalili ni tumbo kusokota, kichefuchefu, kutapika, kuhara na kichwa kuuma, wakati mwingine na homa. Zinaweza kuanza nusu saa baada ya kula, lakini mara nyingi hukawia, saa nyingi hadi siku nzima, na kukawia huko ndiko kunakompotosha mgonjwa. Amekula viazi mchana, ameugua usiku wa manane, analaumu maziwa ya jioni. Sumu ikizidi hugusa neva, kwa kuwa inazuia kimeng'enya kinachozima ishara zinazopita kati ya neva na misuli: mtu anachanganyikiwa, anaona maruweruwe, mwili unalegea. Vifo ni vichache sana, ila vimewahi kuandikwa.

Kwa wapishi wa shule na kambi kuna taarifa moja ya kitabibu, ilichapishwa Uingereza mwaka 1979. Wavulana 78 wa shule moja ya London waliugua baada ya chakula cha mchana, na 17 kati yao walilazwa hospitali. Wote walipona. Viazi vilitoka kwenye gunia lililobaki tangu muhula uliotangulia. Vilimenywa, vikachemshwa, vikapakuliwa kama siku zote. Lilikuwa gunia la kawaida lililosahaulika likizoni, na stoo zetu nyingi za shule huwa na gunia kama hilo nyuma ya mlango siku ya kufungua muhula.

Sasa tukae kidogo kwenye muhogo, kwa sababu makosa mengi ya jikoni kuhusu kiazi kijani yametoka kwenye muhogo.

Sisi Waganda, Wateso, Waacholi, Waalur na wengineo tumeijua sumu ya chakula kupitia muhogo mchungu, na bibi zetu walituachia dawa zake: menya, loweka, vundika, anika juani mpaka ukatike kama kijiti, ndipo usage. Dawa hizo ni za kweli. Muhogo ukikwanguliwa au ukilowekwa, vimeng'enya vyake wenyewe vinaivunja sumu, na sayanidi inayotoka inapotea hewani kama mvuke. Anayeruka hatua analipa. Mwezi Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa unga wa muhogo wenye sayanidi nyingi.

Basi mtu aliyelelewa na elimu hiyo akikutana na kiazi kijani anafanya alichofunzwa, na kila hatua inamwangusha. Anakianika. Lakini jua ndilo lililokifanya kijani. Kukirudisha juani ni kukiongezea. Anakiloweka. Sumu hii haiyeyuki kirahisi kwenye maji, na hakuna kimeng'enya cha kuivunja humo kwenye beseni. Anakichemsha, anamwaga maji ya kwanza, anachemsha tena. Vipimo vilivyofanywa kwa viazi vya kuchemsha vilikuta upungufu wa asilimia 1 hadi 4 hivi, yaani kama hakuna. Anasema basi nitakikaanga. Katika mafuta ya nyuzi 150 sumu haikupungua. Ilibidi mafuta yafikishwe nyuzi 210 kwa dakika 10 ndipo asilimia 40 hivi ikapotea, na chipsi zilizokaa humo dakika 10 hakuna mteja atakayezitaka. Solanini huvunjika yenyewe kati ya nyuzi 230 na 280. Maji yanayochemka hayafiki hata nusu ya huko.

Kinachobaki ni kisu, na pipa la taka.

Sumu imelala kwenye ngozi na milimita 2 hadi 3 zilizo chini yake, isipokuwa kwenye macho na penye michubuko, ambako inazama zaidi. Ule unene wa sarafu mbili, basi. Kumenya kwa kawaida kunaondoa sehemu kubwa. Doa la kijani lisilozidi sarafu ya shilingi 500 halitoshi kukutupisha kiazi: menya kiazi chote, kisha kata doa hilo pamoja na nusu sentimita ya nyama inayolizunguka. Kata kabisa, usiparuze, maana kuparuza kunaondoa rangi ya juu na kukuachia kilichobaki. Kijani kikifunika zaidi ya robo ya kiazi, au ukikuta kimezama zaidi ya sentimita 1, tupa kizima. Vipimo hivi ni vya kazi, vya kumsaidia mtu mwenye kisu mkononi na foleni ya wateja mbele yake. Kwa mtoto mdogo na mama mjamzito mimi ningekaza zaidi: wapewe kiazi kisicho na doa kabisa, kilichomenywa.

Chipukizi lililo fupi kuliko ukucha, na kiazi bado kigumu, chimba kwa ncha ya kisu utoe jicho lote, shimo la kama sentimita 1. Machipukizi yakishakuwa marefu kama kidole na kiazi kimesinyaa, ukikibonyeza kinaitikia, hicho hakipikwi. Na mnaouza vile viazi vya kukaanga na maganda yake, ambavyo siku hizi ni fahari ya hoteli, jueni kwamba mmechagua kumpa mteja sehemu yenye sumu nyingi kuliko nyama. Kwa viazi safi vilivyotunzwa gizani si neno. Kwa viazi vilivyokaa juani kwenye turubai ni kamari. Maganda ya kijani na machipukizi msimpe nguruwe wala mbuzi. Ebikuta, yaani maganda ya matoke, havina shida, haya ya mbatata yana shida.

Nani alisema kiazi hutiwa sumu na jua peke yake? Mbegu nayo ina yake. Mwaka 1967 Marekani ilitoa mbatata iitwayo Lenape, iliyosifiwa kwa krispi za rangi nzuri. Ilipogundulika ina sumu nyingi kuliko kawaida hata ikitunzwa vizuri, iliondolewa mwaka 1970. Tangu hapo, kupima glikoalkaloidi kumekuwa sehemu ya kazi ya kutoa mbegu mpya. Kwetu maana yake ni nyepesi: kiazi kilichookotwa pembeni ya shamba, kisichojulikana kilikotoka, kisipewe heshima ya mbegu zinazojulikana kama Victoria au Kinigi.

Sasa kile ambacho hakijaiva. Nitakieleza kwa urefu kidogo, si kwa sababu kinaua, bali kwa sababu ndicho mnachobishana na wateja kila siku.

Kiazi safi, kisicho kijani wala kichungu, kikiliwa kikiwa hakijaiva vizuri hakimtii mtu sumu. Kipande kimoja cha chipsi chenye kiini kigumu hakina neno. Sahani nzima ndiyo inayoleta kilio. Wanga wa kiazi umefungwa kwenye punje ambazo bila moto hazifunguki. Vimeng'enya vya tumbo vinashindwa kuuingia, unapita hadi utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, na tumbo linajaa gesi. Kiazi kibichi kina pia protini zinazozuia mmeng'enyo wa chakula, ambazo moto wa kutosha huziharibu. Zaidi ya hapo kuna udongo: kiazi kisichooshwa wala kuiva hubeba mayai ya minyoo na vijidudu vya samadi.

Kwa nini hakiivi? Punje za wanga huanza kuvimba karibu nyuzi 60, lakini kiazi hakilainiki hapo. Gundi inayoshika chembe zake, pektini, inataka zaidi ya nyuzi 80, na inataka muda. Kampala, kwenye mita kama 1,200, maji huchemka karibu nyuzi 96. Kabale, inayokaribia mita 2,000, yanachemka kwenye 93 au 94. Mpishi aliyehamishwa kutoka mjini kwenda Kabale akishika dakika zake za zamani atapakua viazi vyenye mfupa katikati. Aongeze dakika, au afunike sufuria vizuri na kuchungulia mara chache.

Kuna kosa lingine ambalo watu hulisingizia mbegu. Makaa yameisha katikati ya mapishi, sigiri imepoa, sufuria imekaa kwenye joto la nyuzi 60 au 70 kwa nusu saa wakati mtoto ametumwa dukani. Moto unarudi, viazi vinachemka saa nzima, na bado vinagoma. Havikuwa vibaya. Kwenye joto hilo la katikati, kimeng'enya kimoja cha kiazi huamka na kuikaza pektini kwa kushirikiana na kalisi, na ikishakazwa hailegei kirahisi. Ukiona makaa hayatoshi, afadhali usianze.

Tindikali nayo hukaza. Kwenye katogo ya airishi, yaani viazi vilivyopikwa pamoja na mchuzi wake, nyanya zikitangulia pamoja na viazi, viazi vinakaa vigumu huku mchuzi umeiva na kupita. Chemsheni viazi kwa maji na chumvi mpaka kisu kiingie, ndipo nyanya na limau zifuate. Na vipande viwe vya ukubwa mmoja, kama sentimita 4, vikianza kwenye maji baridi yaliyovifunika vyote. Baada ya maji kuchemka, hesabu dakika 15 hadi 20. Kwenye sufuria kubwa ya shule, msichomoe kiazi cha juu tu kupima. Kile cha juu kinakaa kwenye mvuke na cha chini kinakaa motoni. Chukueni kimoja cha juu, kimoja cha katikati. Kisu kiingie hadi kiini na kiazi kidondoke chenyewe kutoka kwenye kisu. Kikining'inia, funika.

Kwa wakaanga chipsi, nje kahawia ndani ngumu husababishwa na mambo matatu, na mara nyingi yote yapo kwenye karai moja: vipande vinene, mafuta moto mno mwanzoni, na kujaza kupita kiasi. Kateni kipande cha sentimita 1, suuzeni wanga mpaka maji yawe angavu, kausheni. Mkaango wa kwanza uwe nyuzi 150 hadi 160 kwa dakika 5 au 6, mpaka kipande kipindike bila kuvunjika na bado ni cheupe. Viopoeni, vipumzike. Mteja akifika, mkaango wa pili nyuzi 175 hadi 180, dakika 2 au 3. Kwa lita 4 za mafuta, nusu kilo inatosha kwa mara moja. Ukitupia kilo mbili mafuta yanapoa, viazi vinakunywa mafuta badala ya kuiva. Rangi iwe ya dhahabu. Kahawia iliyokolea ina akrilamaidi nyingi zaidi, kitu ambacho hatukihitaji mwilini. Na kama chipsi zako zinaungua rangi dakika ya pili huku kiini ni kibichi, uliza viazi vililala wapi: kwenye friji, baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hukimbilia weusi.

Kutunza, basi. Kijani kinaanzia shambani. Kwenye miteremko ya Kabale, Rubanda na Kisoro, au kule Kapchorwa, mvua inashusha udongo wa tuta na kuacha kiazi kikichungulia. Palizi ya kwanza na ya pili ziende pamoja na kuinulia udongo, tuta lifike sentimita 20 au 25. Kateni mashina wiki 2 kabla ya kuvuna ili ngozi ikomae. Kiazi chenye ngozi inayochubuka kwa kidole kitafika mjini kimejeruhiwa, na jeraha huita sumu. Baada ya kung'oa, saa moja au mbili kivulini zinatosha kukausha udongo. Kisha gunia. Na gunia liwe gunia, si lumbesa yenye kilemba cha nyasi ambayo watu wanne wanaibwaga kutoka juu ya lori baada ya safari ya kilomita 400.

Sokoni, mazoea ya kupanga mafungu juani toka asubuhi ndiyo yanayoharibu mzigo. Wekeni nje mafungu machache, mengine yabaki ndani ya gunia lililofungwa mdomo, na jioni funikeni kwa gunia la katani badala ya turubai linalopitisha mwanga. Msioshe kama mteja hakuomba: udongo mkavu ni kivuli cha kiazi, na kilichooshwa hugeuka upesi zaidi. Kwa ngozi nyekundu, kama ya Victoria, jicho halitoshi, kijani hujificha chini ya wekundu. Kwaruza kwa ukucha kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Nyumbani, kaveera, mfuko wa plastiki, ndiyo adui: inapitisha mwanga na kufungia unyevu, ukipata kijani na kuoza kwa pamoja. Kikapu, boksi au gunia, pakavu, penye hewa na giza. Kwenye muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, chini ya kitanda ni ghala bora kuliko juu ya kabati dirishani. Nunua cha wiki moja au mbili.

Kuna jambo la mbegu ambalo wengi wa mjini hawalijui. Wakulima wa mbegu huweka viazi kwenye maghala ya mwanga hafifu, juu ya vichanja, makusudi ili vigeuke kijani na kutoa machipukizi mafupi, manene, yasiyovunjika wakati wa kupanda. Kwa mbegu hilo ni sahihi kabisa, na kiazi kijani kikipandwa hakipeleki sumu kwa watoto wake. Taabu huanza mbegu isipopata mnunuzi: inasukumwa sokoni kwa bei ya chini, imevunjwa machipukizi, wakati mwingine imenyunyiziwa dawa ya wadudu. Kiazi kidogo, kijani pande zote, chenye makovu ya mviringo kwenye kila jicho: hicho ni mbegu. Hata kikiwa nusu bei, mpishi asikiguse.

Mtu akiugua baada ya kula viazi, acheni kula sufuria hiyo, na msiitupe. Wekeni vipande kadhaa pembeni ili mhudumu wa afya avione. Msimlazimishe kutapika. Mpeni maji ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi, kidogokidogo. Hakuna dawa ya nyumbani inayoifuta solanini. Mtoto mdogo, mama mjamzito, mtu anayechanganyikiwa, anayelegea, anayetapika bila kukoma au kutapika damu, apelekwe kituo cha afya wakati huohuo, usiku usiku.

Mezani hapa kuna mabeseni matatu na visu. La kushoto ni viazi vyenye madoa ya kijani, mtaamua kipi kinakatwa na kipi kinatupwa. La kulia ni mbegu. La katikati halina kijani hata kimoja, lakini vitatu humo vimegongwa na havifai kwa mtoto. Anzeni na hilo la katikati, na mvitafute kwa ukucha na kisu, si kwa meno.